James Hong: kazi zaidi ya 600 na mlango uliokuwa umefungwa

Tarehe 10 Mei 2022, James Hong, mwigizaji wa Marekani mwenye asili ya Kichina, aliwekewa nyota yenye jina lake pembezoni mwa Hollywood Boulevard, kwenye ile njia ya wapita kwa miguu ambayo watalii hupiga nayo picha. Alikuwa na miaka 93, na hakuna aliyekuwa amewahi kupewa heshima hiyo akiwa na umri mkubwa kuliko huo. Kufikia siku hiyo alikuwa ameigiza kwa karibu miaka 70.

Nyota hizo zina utaratibu wake. Mtu hupendekezwa, kamati huchagua, kisha lazima apatikane wa kulipia gharama. Kwa mastaa wakubwa gharama hiyo hubebwa na studio, hasa studio inapokuwa na filamu mpya ya kuinadi. Hong hakuwa na studio nyuma yake. Mwaka 2020 mwigizaji mwenzake Daniel Dae Kim alifungua mchango mtandaoni, na dola 55,000 zilizohitajika zikatimia ndani ya siku chache, zikitolewa na watu waliokuwa wamemtazama maisha yao yote.

Inakuwaje mtu aliyeonekana kwenye filamu na tamthilia nyingi kuliko karibu kila mwigizaji wa zama zake akose hata studio moja ya kusema huyu ni wetu? Kwa kawaida wingi wa kazi zake hutajwa kama rekodi ya kujivunia, na kweli ni wa kujivunia. Lakini naona pia ni ushahidi. Anayepewa nafasi ya steringi hutoa filamu moja au mbili kwa mwaka, na jina lake linaandikwa juu ya bango. Anayeitwa siku mbili hapa na siku tatu pale huishia na orodha isiyo na mwisho. Orodha ya Hong imekuwa ndefu kwa sababu mbili zinazotembea pamoja: alikuwa hodari kupita kiasi, na kwa zaidi ya nusu karne hakuna aliyekuwa tayari kumkabidhi filamu nzima.

Kwanza tuiweke sawa hesabu yenyewe, maana takwimu zinazotajwa hazilingani. Ukihesabu kila filamu kuwa moja na kila tamthilia kuwa moja, hata kama ndani ya tamthilia hiyo alitokea mara tano, unapata majina zaidi ya 400. Ukihesabu kila sehemu ya tamthilia aliyotokea, unavuka 600. Namba zote mbili ni za kweli, kinachotofautiana ni namna ya kuhesabu. Juu ya hapo kuna kazi za miaka ya mwanzo ambazo jina lake halikuandikwa popote, kwa kuwa waigizaji wadogo wa enzi hizo hawakuwa na uhakika wa kutajwa mwishoni mwa filamu.

Alizaliwa Minneapolis, jimbo la Minnesota, tarehe 22 Februari 1929, kwa wazazi Wachina. Wakati huo sheria ya mwaka 1882 iliyowazuia Wachina kuhamia Marekani ilikuwa bado inafanya kazi, na ilifutwa mwaka 1943 tu, wakati China na Marekani zilipokuwa upande mmoja vitani. Kwa hiyo mtoto huyu alizaliwa raia wa nchi ambayo kisheria haikutaka watu wa asili yake waongezeke. Baba yake aliuza dawa za mitishamba za Kichina. Hong alipelekwa Hong Kong angali mdogo, akasoma huko, kisha akarudi Minneapolis akiwa na miaka 10 hivi. Alirudi na Kikantoni kizuri na Kiingereza cha kuungaunga, katika mji uliokuwa na Wachina wachache mno. Ndipo alipoanza kuiga watu. Aliwasikiliza wanavyoongea, akachukua sauti zao na mikao yao, akagundua kwamba wanaomcheka wanaweza pia kucheka pamoja naye.

Familia ilitaka mtoto mwenye kazi ya maana, naye akasomea uhandisi wa ujenzi, kwanza Chuo Kikuu cha Minnesota, kisha akamalizia University of Southern California mjini Los Angeles. Wakati wa vita vya Korea aliingia jeshini, na huko Camp Rucker, Alabama, kazi yake kubwa ikawa kuwaburudisha askari wenzake. Baada ya chuo aliajiriwa kama mhandisi wa barabara wa kaunti ya Los Angeles. Mchana alishughulika na barabara, usiku akipanda jukwaani kuchekesha. Zilipoanza kuja nafasi za kuigiza alitumia siku za likizo, hata za ugonjwa, mpaka ikambidi achague moja.

Kilichomfungulia njia ni kipindi cha televisheni. Mwaka 1954 alitokea kama mshiriki kwenye You Bet Your Life, kilichoongozwa na mchekeshaji Groucho Marx, akawaiga watu maarufu, akiwemo Groucho mwenyewe aliyekuwa amekaa mbele yake. Watazamaji waliandika barua kwa wingi, wakala akamchukua, na mwaka uliofuata alikuwa kwenye seti ya Soldier of Fortune, filamu ya Clark Gable iliyowekwa Hong Kong. Mwaka huohuo wa 1955 alitokea pia kwenye Blood Alley ya John Wayne na Love Is a Many-Splendored Thing. Filamu tatu kubwa kwa mwaka mmoja, kwa kijana aliyekuwa bado na vitabu vya uhandisi kabatini. Kwa mwigizaji mzungu wa umri wake huo ungekuwa mwanzo wa kupanda ngazi. Tazama jinsi filamu hizo zilivyopangwa. Zote tatu hadithi zake ziko China au Hong Kong, na zote tatu zinabebwa na nyota wazungu. Katika ile ya tatu, mhusika mkuu wa kike ni daktari aliyechanganya damu ya Kichina na ya Kizungu. Nafasi hiyo ilichezwa na Jennifer Jones, Mmarekani mweupe, na akateuliwa kuwania Oscar.

Wengi husema tu kwamba zamani kulikuwa na ubaguzi, wakaishia hapo. Ubaguzi huo ulikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na bila kuielewa huwezi kuielewa kazi ya Hong. Kulikuwa na mambo matatu yaliyoshikana.

La kwanza ni mazoea ya kuwapaka wazungu vipodozi na kuwabandika gundi na utepe kwenye kope ili wafanane na Waasia. Hayo hayakuwa ya filamu za pembeni. Mwaka 1937 studio ya MGM ilitoa The Good Earth, hadithi ya wakulima wa Kichina. Anna May Wong, mzaliwa wa Los Angeles na staa mkubwa kuliko Mchina mwingine yeyote wa Marekani wakati huo, aliitaka nafasi ya mke wa mkulima. Akapewa Luise Rainer, aliyetoka Ulaya, na Rainer akashinda nayo Oscar. Mpelelezi wa Kichina Charlie Chan, aliyetengenezewa filamu kwa makumi, alichezwa na Warner Oland mzaliwa wa Sweden, kisha Sidney Toler, kisha Roland Winters.

La pili ni kanuni za maadili ambazo studio zilijiwekea na kuzisimamia kwa ukali kuanzia mwaka 1934. Zilipiga marufuku kuonyesha mapenzi ya watu wa rangi tofauti. Maandishi yake yaliwalenga weupe na weusi, lakini katika utendaji yalivutwa hadi kuwagusa Waasia. Matokeo yake ni haya: studio ikishamchagua mzungu kucheza mkulima wa Kichina, mke wake hawezi tena kuwa Mchina halisi, kwa sababu kwenye skrini mzungu atakuwa anambusu Mwasia. Hivyo ndivyo Paul Muni alipochaguliwa kuwa mume katika The Good Earth, mlango wa Anna May Wong ulivyozidi kubana. Kosa la kwanza lilizaa la pili, na yote mawili yakawa na karatasi ya kuyatetea.

La tatu ndilo lililodumu kuliko yote, nalo ni hoja ya pesa. Watayarishaji walisema nyota wa Kiasia hawauzi tiketi. Hapakuwa na njia ya kuipinga hoja hiyo, maana ili mtu athibitishe kwamba anauza tiketi lazima kwanza awekwe mbele ya filamu, na hakuna aliyewekwa. Sheria ziliondoka, kanuni za studio zikafa mwishoni mwa miaka ya 1960, lakini hoja hii ilibaki ofisini hadi karne ya 21.

Hong aliyaonja hayo mapema. Mwaka 1957 alipata nafasi ambayo kwa kijana wa Kichina ilikuwa kubwa kuliko zote kwenye televisheni: mtoto wa kwanza wa Charlie Chan katika The New Adventures of Charlie Chan. Baba yake, Charlie Chan mwenyewe, alichezwa na J. Carrol Naish, Mmarekani mwenye asili ya Ireland. Hong amesimulia kwamba siku moja alipitiwa na mstari wake, Naish akafoka kwamba pale si shule ya waigizaji wa Kichina, na baada ya muda mfupi Hong akaondolewa. Fikiria mpangilio huo: Mchina halisi anafukuzwa kwenye hadithi ya familia ya Kichina, na aliyekasirika ni mtu aliyepakwa vipodozi ili afanane naye.

Kazi nyingine ya miaka hiyo huwa haitajwi sana, nami naiona ni darasa. Wamarekani walipoinunua filamu ya Kijapani ya Godzilla na kuitoa upya mwaka 1956, walipachika ndani yake mwandishi wa habari wa Kimarekani aliyechezwa na Raymond Burr, na sehemu nyingine zikaingizwa sauti za Kiingereza. Hong ni miongoni mwa walioingiza sauti hizo. Alimsemea Ogata, kijana mpenzi, na pia Serizawa, mwanasayansi mwenye siri ya silaha ya kutisha. Wahusika hao wawili wanakabiliana katika kilele cha filamu, mmoja anamsihi mwenzake atumie silaha hiyo na mwingine anakataa. Kwa hiyo anayesihi na anayekataa ni mtu mmoja, anayebadili pumzi na uzito wa koo. Sisi tuliowasikiliza akina Lufufu wakibeba filamu nzima kwa koo moja kwenye vibanda vya video tunajua hiyo ni kazi ya aina gani. Jina lake halikuandikwa.

Basi baada ya hapo, zile mamia ya kazi zilitoka wapi? Zilitoka kwenye uchumi wa televisheni. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, tamthilia ya Marekani ilitoa sehemu 30 na zaidi kwa msimu mmoja. Wahusika wakuu walikuwa walewale, lakini kila wiki hadithi ilihitaji mwizi mpya, shahidi mpya, tajiri mpya, maiti mpya. Studio zilikuwa na njaa ya sura za kuingia na kutoka. Na kila tamthilia, iwe ya mahakamani kama Perry Mason, ya ng'ombe na farasi kama Bonanza au ya polisi kama Hawaii Five-O, mapema au baadaye ilipeleka hadithi yake kwenye mtaa wa Wachina, au ikaleta jasusi kutoka Mashariki. Simu ilipigwa kwa wakala, na waliokuwa kwenye orodha hiyo hawakuzidi watu wachache. Hong alikuwa mmoja wao. Alicheza Mchina, Mjapani na Mkorea, mwenye dobi na mwanajeshi, mhudumu na mkuu wa genge. Katika tamthilia ya Kung Fu ya miaka ya 1970 alitokea mara kadhaa, kila mara mhusika mwingine, huku nafasi ya mtawa mwenye damu ya Kichina ikichezwa na David Carradine, ambaye hakuwa na damu hiyo.

Maisha ya kazi ya namna hiyo yana taratibu zake. Hulipwi kwa filamu, unalipwa kwa siku au kwa wiki, kwa kima ambacho chama cha waigizaji kimekubaliana na studio. Unafika kwenye seti ambayo wenzako wamezoeana kwa miaka, huna muda wa kuujua mji, na mistari yako sita lazima iwe tayari kabla ya jua kuzama. Hupewi mazoezi. Ukichelewesha watu, hurudi tena. Kilichowasaidia kuishi ni malipo ya marudio: kipindi kinaporushwa tena, waliomo hulipwa kiasi fulani. Chama kilipigania malipo hayo hatua kwa hatua, na mgomo wa mwaka 1960 uliyaleta kwenye filamu pia, pamoja na mfuko wa pensheni na bima ya afya. Kwa staa hizo ni senti. Kwa mtu mwenye mamia ya vipande vidogo vinavyozunguka kwenye vituo vya televisheni, vinakuwa mshahara. Kwa hiyo wingi wa kazi haukuwa uroho, ilikuwa ndiyo njia pekee ya mtu wa pembeni kujenga nyumba na kusomesha watoto.

Wapo waliomlaumu yeye na kizazi chake kwa kukubali nafasi za wahudumu wanyenyekevu na waovu wenye kucha ndefu. Lawama hiyo ina uzito, kwa sababu picha hizo ziliwaumiza Waasia wa Marekani mitaani na shuleni. Ila nadhani haikuelekezwa mahali pake. Aliyekataa hakubadilishiwa nafasi, nafasi ilikwenda kwa mzungu mwenye utepe machoni. Hong alifanya mambo mawili kwa pamoja. Aliendelea kuzichukua nafasi hizo, akimtafuta ndani yake mtu mwenye hofu zake na kiburi chake. Na mwaka 1965, yeye na waigizaji wenzake akiwemo Mako walianzisha East West Players, jukwaa la maigizo la Waasia wa Marekani mjini Los Angeles. Walianza na igizo la Rashomon. Hapo Mwasia aliweza kuwa mfalme, mlevi, mpenzi, baba, bila kuomba ruhusa. Mako aliteuliwa kuwania Oscar muda mfupi baadaye kwa The Sand Pebbles, na kikundi kiko hai mpaka leo, kikiwa na ukumbi wake mtaa wa Little Tokyo, mjini humohumo. Kizazi kizima cha waigizaji kimepitia pale. Kama ningeulizwa kitu kimoja tu cha Hong chenye thamani kuliko kingine, ningekitaja hicho kabla ya filamu yoyote.

Sasa tumtazame akiwa kazini, maana usanii wake unaonekana ukimsogelea.

Katika Chinatown ya mwaka 1974 anacheza Kahn, mtumishi wa nyumba ya Evelyn Mulwray. Mistari yake inahesabika. Anafungua milango, anapokea kofia, anasimama kati ya mpelelezi na bibi yake. Lakini anajua kila kitu, na Hong anaucheza ujuzi huo kwa namna anavyochelewa nusu sekunde kusogea pembeni. Mambo yanapoharibika kabisa, mahali Evelyn anapokimbilia kujificha ni nyumbani kwa Kahn, mtaa wa Alameda. Ile tamati mashuhuri inatokea kwenye mtaa anaoishi mtumishi, mtaa wa Wachina ambao filamu imechukua jina lake. Jack Nicholson, aliyemcheza mpelelezi huyo, alipoongoza mwendelezo wake mwaka 1990, The Two Jakes, alimrudisha Hong kwenye nafasi ileile.

Katika Blade Runner ya mwaka 1982 yeye ni Hannibal Chew, fundi anayetengeneza macho ya viumbe bandia. Tukio lote ni dakika chache, na lilipigwa kwenye chumba halisi cha baridi kali, kwa hiyo mvuke unaotoka midomoni ni wa kweli. Chew amevaa koti la manyoya lenye mirija ya joto, anaongea na macho aliyoyatengeneza kama mtu anayeongea na kuku wake bandani. Viumbe wawili wanaingia. Mmoja anachomoa mirija na kulichana koti, anampachika macho mabegani, huku mwenzake akiuliza maswali kwa upole. Hong anabadilika kutoka fundi mwenye maringo hadi mzee anayetetemeka, na katikati yake kuna kitu ambacho mwandishi hakukiandika: anapogundua kwamba macho ya anayemtisha aliyatengeneza yeye, uso wake unamulika fahari kabla ya hofu kurudi. Utajua kwa nini waongozaji walimwita tena na tena. Hakuna muda wa kumweleza mtazamaji Chew ni nani, na bado mtazamaji anajua.

Nafasi yake kubwa ya kwanza kwenye filamu ya studio ilikuja akiwa na miaka 57. Mwongozaji John Carpenter alimpa nafasi ya David Lo Pan katika Big Trouble in Little China ya mwaka 1986: mchawi mwenye zaidi ya miaka 2,000, aliyelaaniwa kukosa mwili, anayetafuta mwanamwali mwenye macho ya kijani wa kumwondolea laana. Hong anamcheza mara mbili, kama kikongwe aliyekauka kwenye kiti cha magurudumu na kama mzimu mrefu mwenye mavazi ya kifalme. Filamu ilipoteza pesa kwenye majumba ya sinema, ikafufuka kwenye kanda za video na sasa ina wapenzi wasiochoka. Ndani ya jina hilo mna yaleyale ya zamani, Mchina mwovu mwenye kucha. Ila msikilize kikongwe anapolalamika. Ana uchovu wa mtu aliyesubiri mno, ana tamaa, ana utani wa kichini chini. Mwovu huyu amechoshwa na uovu wake mwenyewe, na hilo halikuwamo kwenye kiolezo alichopewa.

Miaka mitatu baadaye aliandika na kuongoza kwa kushirikiana, na kuigiza mwenyewe, filamu yake ya kutisha, The Vineyard. Ni filamu ndogo, na haikufika mbali. Naitaja kwa sababu inaonyesha alichopaswa kufanya ili awe mhusika mkuu: kuitengeneza mwenyewe.

Mwaka 1991 tamthilia ya Seinfeld ilirusha sehemu ambayo watu watatu wanasubiri meza mgahawani kwa dakika zote ishirini na kitu. Wakubwa wa NBC, kituo kilichoirusha, hawakuipenda walipoiona, walisema hakuna kinachotokea. Kinachotokea ni Hong. Yeye ni msimamizi wa mgahawa mwenye daftari, na kila akiulizwa anajibu kwamba ni dakika tano, kumi. Hasemi kwa dharau wala kwa huruma, anasema kwa sauti ya mtu anayesoma saa. Wanaosubiri wanapandwa na jazba, wanabembeleza, wanajaribu kuhonga, naye hatikisiki. Simu ya George, mmoja wa wale watatu, inapoingia anaita jina lisilo lake, Cartwright, anarudi mezani kwake. Na mara tu wanapokata tamaa na kutoka, anawaita. Kuchekesha bila kufanya mzaha hata mara moja ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana.

Kisha ikaja sauti. Alikuwa ameshamsemea Chi-Fu, mshauri mwenye nongwa wa mfalme, katika Mulan ya mwaka 1998. Mwaka 2008, akiwa na miaka 79, akawa Bwana Ping katika Kung Fu Panda: bata bukini muuza tambi aliyemlea panda kama mwanawe. Watoto wa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa waliomtazama Ping kwenye televisheni za nyumbani wamemjua Hong bila kuuona uso wake. Ping ni mchuuzi, mwenye hofu, mbahili kidogo, na anampenda mtoto kwa namna isiyoelezeka. Katika filamu ya pili, ya mwaka 2011, inabidi aseme ukweli kwamba alimkuta kwenye kreti la figili. Sauti ya Hong pale inapanda na kushuka kama ya baba anayeogopa kwamba akimaliza sentensi atakuwa hana mtoto tena. Baada ya filamu tatu na katuni za televisheni, Ping akawa mhusika aliyeishi naye muda mrefu kuliko wote. Mwaka 2024, katika filamu ya nne, sauti ile ilitoka kwa mzee wa miaka 95.

Everything Everywhere All at Once ya mwaka 2022 inatuonyesha jambo jingine. Humo anacheza Gong Gong, baba yake Evelyn, mhusika wa Michelle Yeoh. Katika ulimwengu mmoja ni mzee wa kiti cha magurudumu anayenung'unika kwa Kikantoni, katika mwingine ni kamanda mkali anayetoa amri kwa Kiingereza. Lakini mtazame pia anayecheza mkwewe, Ke Huy Quan. Huyu alikuwa mtoto maarufu wa Indiana Jones na The Goonies katika miaka ya 1980. Alipokua, nafasi zikakauka, akaacha kuigiza kwa takriban miongo miwili, akafanya kazi nyuma ya kamera, kisha akarudi. Hong na Quan walikutana na ukuta mmoja. Mmoja alikaa hapo akichukua kila kilichopenyezwa kwenye ufa, mwingine akaondoka kulinda utu wake. Siwezi kusema mmoja alikosea. Ninachoweza kusema ni kwamba ukuta ulikuwa halisi, na kwamba kipaji peke yake hakikutosha kuuvuka.

Februari 2023, chama cha waigizaji cha Marekani kilipoipa filamu hiyo tuzo ya kundi bora la waigizaji, wenzake walimwachia Hong kipaza sauti. Alikuwa ametimiza miaka 94 siku chache tu kabla. Alianza na Clark Gable. Kisha akawakumbusha waliokuwa ukumbini jinsi nafasi za Waasia zilivyochezwa na watu waliobandikwa macho, na jinsi watayarishaji walivyosema Waasia hawafai wala hawauzi tiketi. Halafu akawaonyesha wenzake waliosimama naye, na ukumbi mzima ukainuka. Wiki mbili baadaye filamu ilichukua tuzo saba za Oscar, na Yeoh akawa Mwasia wa kwanza kushinda ile ya mwigizaji bora wa kike. Miaka 85 nyuma, tuzo hiyohiyo ilikuwa imekwenda kwa Luise Rainer kwa kumcheza mwanamke wa Kichina. Kati ya watu waliokuwa jukwaani usiku ule wa Februari, ni Hong peke yake aliyekuwa ameishi sehemu kubwa ya miaka hiyo ndani ya studio hizo.

Ukitaka kumfuatilia, usianze na orodha ndefu, itakuchosha. Anza na ile sehemu ya Seinfeld, uone alivyo na nidhamu. Fuata na Blade Runner, usimame kwenye chumba cha baridi na kukirudia mara mbili, mara ya pili ukitazama mikono yake. Kisha Big Trouble in Little China, ukiwa na watu wa kucheka nao. Kung Fu Panda ya pili itazame na watoto. Chinatown iache ya mwisho, na safari hii mfuatilie mtumishi tangu mlango wa kwanza anaoufungua.